Siku Baba Alipopoteza Namba

Juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea furushi la jezi kumi na moja, nyeupe, na kipande cha kitambaa chekundu cha kukatia namba. Wanaanzisha timu. Mimi kazi yangu ni cherehani, nakaa barazani mbele ya duka la vitambaa, na sijapata kukataa kazi, maana nina ndoto zangu: vyerehani vitatu, kibao chenye jina langu, na kiti cha mgongo. Nikamwambia aje Ijumaa. Kabla ya kukata nikachovya pembe ya kile kitambaa kwenye kikombe cha maji, nione kama kinachuja rangi. Kikachuja. Maji yakawa mekundu mpaka chini, na mimi niliyekuwa naimba nikanyamaza. Nikakata moja, mbili, tatu, nne. Kwenye tano mkasi ulinigomea mkononi.

Wenzangu mliokulia kambi za mkonge, siku zile za Mwingereza, mtanielewa. Sisi tuna pua ya namna moja. Harufu yetu ni ya makapi ya mkonge yanayooza nyuma ya mashine, uchachu kama togwa lililosahauliwa mtungini, unaoingia kwenye nguo, kwenye ugali, hata kwenye nywele za mtoto mchanga. Wageni walipita wameziba pua. Mimi nilipopelekwa kwa bibi kule Muheza nikaikosa harufu ile, nikalia, nikidhani nyumba ya bibi haina watu.

Baba yangu alikuwa mchezaji mpira. Nalisema hilo kwanza kwa sababu daftari la ofisini lilimwandika kibarua wa mkataba, na hilo nalo lilikuwa kweli. Alitoka Songea, akasafiri siku nyingi kwa lori na gari moshi, na alichokuja nacho ni blanketi jekundu walilogaiwa siku ya kuandikishwa. Watu wa mkataba waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake kwenye kipande chake cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku, na mnyapara asubuhi aliita namba, hakuita mtu. Baba alikata mkonge mwaka mzima, miiba ya ncha ikamchoma mapaja. Jumapili wenzake walipolala, yeye alicheza mpira wa matambara na watoto nyuma ya ghala. Huko ndiko alikoonekana.

Alicheza senta hafu, namba tano. Hakuwa mtu wa mbio. Alisimama katikati ya uwanja kama mtu anayesubiri kuitwa, na mpira ukamfuata. Washabiki walimwita Komeo, kwa kuwa akishasimama, mlango umefungwa. Nilimuuliza anajuaje mpira unakokwenda. Akanieleza kwamba miguu ya mtu husema uongo, macho nayo husema uongo, ila kiuno hakijui kudanganya. Kiuno kikigeuka, mwenyewe kishakwenda. Mpaka leo natazama viuno vya watu, na nashukuru, maana suruali zangu hazibani.

Alianza katika shamba jingine, halafu meneja wetu akamtaka. Mabwana wawili wakakaa wakapatana: Komeo aje kwetu, na jike la mbwa wa kizungu la meneja wetu liende kule. Baba ndiye aliyekuwa akikisimulia kisa hicho, tena kwa kucheka. Alisema bwana wetu ndiye aliyepunjwa, kwani mbwa alikuwa na watoto wanne tumboni, na yeye alikuja peke yake. Mama hakucheka hata mara moja.

Basi tulipocheza na shamba lile, washabiki wao walimbwekea. Baba akigusa mpira, upande wao wote hau, hau, hau. Mimi nilidhani wanamshangilia. Nilidhani kwetu anaitwa Komeo na kwao anaitwa hivyo, na kwamba ni heshima kuwa na majina mawili. Siku moja baba alipookoa mpira mgumu nami nikapanda juu ya pipa nikabweka kwa nguvu zangu zote. Mama akanipiga kibao cha mdomo. Sikujua kosa langu, na kwa jinsi alivyogeuza uso niliona si wakati wa kuuliza.

Namba tano ilitupa mengi. Ilitutoa kwenye nyumba za safu ndefu kule bondeni, ikatupa chumba na ua karibu na ofisi, chini ya bati. Ilimtoa baba kwenye kukata mkonge, ikampa kazi ya kugonga reli. Hicho kilikuwa kipande cha chuma cha njia ya gari moshi, kimening'inizwa mbele ya ofisi. Kikigongwa alfajiri watu huamka, kikigongwa tena huacha kazi. Baba aligonga, kisha jua likatoka. Kwa hiyo nikaamini, na nikawatangazia watoto wenzangu, kwamba baba yangu ndiye anayeamsha jua. Mtoto wa mnyapara alibisha, tukapigana.

Mama naye alikuwa na sehemu yake. Yeye ndiye aliyefua jezi za timu. Zilikuwa nyeupe, na namba zilikuwa za kitambaa chekundu kinachochuja vibaya, hivyo hazikuweza kufuliwa pamoja. Kila Jumatatu alizifumua namba zote kumi na moja, akafua jezi, na kila Jumamosi akazishona tena. Katikati ya wiki namba zilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, na mlinzi wa kopo nilikuwa mimi. Sikuwa nimeanza shule, lakini nilijua kuhesabu mpaka kumi na moja. Kumi na mbili sikuiamini.

Goti liliharibika kwenye mechi ya mjini Tanga, walipocheza na watu wa bandarini. Ndiyo mechi kubwa kuliko zote alizocheza baba. Alimfungia mlango fowadi wao, mtu mwenye sifa pwani nzima, mpaka mwenyewe akavua kitambaa chake cha kichwa akampungia. Walirudi juu ya lori wakiimba. Baba alishuka wa mwisho, akishika ubao wa lori kwa mikono miwili, na usiniulize nilijuaje, lakini nilitazama kiuno chake nikaona kimepinda.

Mama alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, akamfunga majani ya mbarika. Goti lilikuwa kubwa kama kifuu, linang'aa. Nikaambiwa nisiseme nje. Mguu umelala tu, baba alisema, na mtu aliyelala hapigiwi kelele. Nikanyamaza. Nilipita mbele ya ofisi nikitembea kwa vidole, nisije nikauamsha.

Alicheza mechi mbili kwa mguu uliolala, watu wasijue. Ya tatu ilikuwa na shamba lile lile la mbwa. Kijana mmoja mwembamba akaja na mpira, baba akatazama kiuno, akajua, nikamwona kabisa kwamba amejua. Mwili ulikwenda, goti halikwenda. Alianguka ubavu, kijana akapita, goli. Likaja la pili kwa njia ile ile. Watu wa kule wakabweka, hilo tulilizoea. Kisha nyuma yangu, katikati ya watu wetu, watu waliokula ugali uani kwetu, sauti moja ikabweka. Halafu nyingine. Nikageuka na furaha yangu, nikidhani na wetu sasa wamejifunza lile jina la heshima, nikamwona mama amefunika uso kwa upande wa kanga.

Kesho yake alasiri alikuja Karani Seifu. Yeye ndiye aliyepanga timu na kubandika majina kwenye mlango wa ofisi. Mtu wa Pangani, wa ukoo wa Waarabu Wamanga, mpole, Kiswahili chake laini kama halua. Alikuwa shabiki mkubwa wa baba. Siku hiyo alikataa kukaa. Mama alimpa kitu kidogo alichokunja, akakitia mfukoni, nami nilikuwa nyuma ya mlango nikichambua mchicha.

"Komeo," akasema, "weye ndugu yangu, na hili ningemtuma mtu, lakini nimeona aibu kutuma. Umepoteza namba."

Baba akauliza, "Na reli?"

"Reli huenda na namba. Na nyumba. Nimekuombea wiki moja. Jumatatu uende korona."

Korona ni ile mashine kubwa ya kukwangua mkonge. Majani huingizwa huku, singa nyeupe, ndizo nyuzi, hutokea kule, na makapi ya kijani humwagika chini. Karani alipoondoka mama akasema, si kwa mtu, akisema na jiko, kwamba kwa goti lile mtu hawezi kusimama mbele ya korona tangu alfajiri mpaka alasiri. Kwamba ataanguka, na pale si mahali pa kuanguka. Baba akamwambia asimtabirie.

Nyinyi mnajua kupoteza namba ni nini. Ni kuachwa nje ya timu, mwingine akachukua nafasi yako. Kila mpenzi wa mpira anajua. Mimi nilijua namba moja tu, ile ya kitambaa, na mlinzi wa kopo ni mimi. Nikaenda nikalifungua. Nikapanga chini: moja, mbili, tatu, nne, sita. Nikapanga tena. Nne, sita. Miaka mingi baadaye mama ndiye aliyenieleza kwamba Karani Seifu aliondoka nayo mfukoni, akamwonyeshe kijana mpya aliyetolewa shamba jingine. Siku ile niliona jambo moja tu: tano imepotea, na aliyeipoteza ni mimi.

Niliitafuta siku tatu. Nilitafuta ndani ya beseni la kufulia, kwenye mfereji wa maji machafu, chini ya vitanda. Nilikwenda uwanjani nikatembea pale pale alipoangukia baba, nikiinua nyasi moja moja. Kulikuwa na mbuzi wa mnyapara. Nilimpanua mmoja mdomo nikamtazama ulimi, nikamnusa, akaniacha na alama ya pembe hapa kwenye paja ambayo bado ninayo. Nilipoulizwa natafuta nini nilisema natafuta sindano. Usiku sikulala vizuri, nikiona mashine ile imefungua mdomo.

Siku ya nne nikakata shauri. Kitambaa chekundu nyumbani kilikuwa kimoja tu: blanketi la baba la Songea. Mama alikwenda kisimani. Nikalitandika, nikachukua mkasi wake mkubwa kwa mikono miwili, nikakata tano katikati ya blanketi, kwa kukumbuka. Ulimi nje, jasho linatoka. Nikaipuliza vumbi, nikaona ni nzuri kuliko ile ya kwanza, nene, haiwezi kupeperuka.

Nikaenda nayo ofisini. Ilikuwa saa ya watu kupanga mstari, na mstari ulikuwa mrefu. Nilipita mbele ya wote mpaka kwenye dirisha, nikasema shikamoo, nikainyosha juu, maana dirisha lilikuwa refu kuliko mimi.

"Namba ya baba hii, nimeipata," nikasema. "Ilipotea kwangu, si kwake. Sasa asiende korona."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akasema basi na yule mbwa aliyebadilishwa naye arudishwe. Karani Seifu hakucheka. Aliweka kalamu, akatoka kwa mlango wa ubavuni, akachuchumaa mbele yangu na kanzu yake ikaburuzika vumbini. Alikishika kile kitambaa, akakigeuza huku na huku.

"Mwanangu," akasema, "hii siwezi kuipokea miye. Mpelekee babako mwenyewe."

Nikaona nimeshinda. Nikakimbia mpaka nyumbani. Baba alikuwa amekaa kizingitini, mguu ameunyosha. Mama alikuwa amekwisha kulikuta blanketi, na fimbo anayo mkononi. Baba akanyosha mkono kumzuia, akaipokea ile namba, akaitandaza juu ya lile goti lake. Nilikuwa nimeikata kinyumenyume.

"Skola," akasema, "mbona hii ni mbili? Umenihamishia beki ya kulia bila kuniuliza?"

Akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa namba ile ile. Mama akatupa fimbo akaingia ndani. Mimi nikajiunga kucheka, kwa kuwa beki ya kulia nayo ni namba, na mwenye namba haendi korona.

Jumatatu niliamshwa na reli. Iligongwa upesi upesi, vibaya, na baba alikuwa ndani, anafunga goti kwa matambara. Nikatoka nikasimama uani bila nguo, nikingojea jua likatae. Likatoka. Likatoka palepale pa siku zote, juu ya mistari ya mkonge, na rangi ile ile. Sijui kama nimepata kuumizwa na kitu kama nilivyoumizwa na jua la asubuhi ile.

Baba alinipita akanishika kichwa. Mfuko wake wa shati ulikuwa na uvimbe mwekundu. Ile namba yangu alikwenda nayo.

Alisimama mbele ya korona siku kumi na mbili. Namba niliyokuwa siiamini. Jioni alirudi kijani mpaka nyusi, mama akampokea na maji ya moto. Tulikuwa tumekwisha kuhamia kule bondeni kwenye safu. Kisha siku moja, saa nne asubuhi, reli ikalia. Ikalia mfululizo, haikuwa na idadi. Nilikuwa uani na watoto wenzangu, nikawaambia, mwoneni mjinga yule, hata saa hajui. Nikamcheka yule kijana mpya kwa sauti kubwa. Wanawake walikuwa wanatoka vyumbani wakikimbia, mmoja ana unga mikononi, na mama alikuwa mbele yao wote.

Goti lilikunjika. Ndivyo walivyoeleza waliokuwapo. Alikuwa anasukuma majani, goti likamwacha, akatafuta pa kushika, na mkono ukashika palipokuwa mbele yake. Walimchukua kwa lori mpaka hospitali ya mjini, mama akapanda naye, mimi nikaachwa kwa jirani. Siku ya tisa lori likarudi. Mama alikuwa amekaa nyuma, mgongo wima, na baba amelala amefunikwa.

Mama hakulia. Watu walimsema kwa hilo. Aliomba uzi na sindano. Kutoka kwenye vitu vya baba, mkanda, rozari, na shati walilolichana, alitoa ile namba yangu, ikiwa imekakamaa kwa kukauka. Akalitandika lile blanketi la Songea, akaipachika namba kwenye tundu lake, akashona kuizunguka, mishono midogo midogo kama ya jezi siku ya Jumamosi. Mwanamke mmoja akamwambia wanangojwa. Mama akamjibu kwamba mumewe hazikwi na blanketi lenye tundu. Wakamngoja.

Nilikaa karibu yake nikitazama mkono. Nadhani ushonaji wangu nilijifunza hapo.

Makaburi ya watu wa mkataba yalikuwa mwisho wa shamba, nje ya mstari wa mwisho wa mkonge. Misalaba yao ilikuwa ya mbao, imepakwa chokaa, na haikuandikwa majina, kwa kuwa majina ya watu wa mbali yaliwashinda ofisini, na akina Yohana walikuwa wengi. Iliandikwa namba ya kipande cha kazi, kwa rangi nyeusi. Karani Seifu alikuwa amesimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Sikuelewa mengi siku hiyo. Sikuelewa kwa nini baba anafunikwa mchanga na watu wale wale waliobweka, na kwa nini sasa wanalia. Lakini walipouchomeka msalaba na kuugonga kwa jembe, niliona tarakimu, na tarakimu nilizijua. Zilikuwa nyingi, zaidi ya moja, zimepangwa vizuri, na ya mwisho ilikuwa tano.

Nikamvuta mama kanga.

"Mama, tazama. Baba kapewa namba."

Nilisema kwa sauti, ili wote wasikie. Ndipo mama alipokaa chini, pale pale kwenye udongo mbichi, na sauti aliyotoa sijaisikia tena kwa mtu yeyote.

Tulihamia kwa bibi Muheza, nikasoma mpaka darasa la nne, nikafundishwa cherehani na masista. Mimi ni mtu wa kucheka, kila mtu mtaani atakwambia. Kucheka nilikopeshwa na baba pale kizingitini, na ndoto zangu za vyerehani vitatu sidhani kama angezicheka. Labda angeniuliza kama kibao nitakiandika kinyumenyume.

Ijumaa yule kijana alikuja kuchukua jezi zake. Akazikagua moja moja, akavuta namba kuona kama zimeshika, akafika tano. Akavuta. Akavuta tena, akaigeuza jezi ndani akaona uzi umepita mara nne, mishono midogo midogo, pote. Nilikuwa nimeishona kwa mkono.

"Dada Skola," akasema, "hii mbona umeikaza hivi? Nyingine zote za mashine."

Nikamwambia isije ikapotea.